Nyuzi Mbili za Mbuzi Mmoja

Kamalondo, Élisabethville
Jumapili, 22 Agosti 1954

Ndugu yangu Floribert,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baba na mama wanakusalimu, na hata jirani yetu Chomba, yule aliyekuwa akitugongea ukuta kila tulipoanza kupiga fidla, anaulizia habari zako; anasema siku hizi kimya kimezidi. Sisi ni wazima, isipokuwa mama anayesumbuliwa na kifua kwa ajili ya vumbi la kiangazi. Natumaini na wewe hujambo, mjomba wako pia, na kwamba mahindi ya Lukafu mmeshayaingiza ghalani. Germaine dada yako aliniambia umeota sugu mikononi na umenenepa. Sugu naamini, unene nitaamini siku nikikuona.

Nilipaswa kukuandikia tangu Juni. Siku ulipopanda lori sikuja kukuaga, nikamtuma mtu aseme nina homa. Sikuwa na homa. Hilo ni dogo, lakini nalitanguliza ili mkono wangu uzoee kuandika ukweli.

Habari za orkestra ya vijana najua unazitaka, hata ukijifanya huzitaki. Tumefika kumi na saba. Mwansa amepewa ile fidla kubwa ya kubana magotini, na hata kwa urefu wake bado inaonekana kumpwaya. Padre Odilon anagonga meza kwa kijiti kama zamani, na akikasirika anatuita "messieurs", yaani mabwana, kwa adabu inayotisha. Kwenye fidla tunakaa wawili wawili, kila wawili na kisimamio kimoja cha nota, mmoja akiendelea kupiga mwenzake anafungua ukurasa. Mimi nakaa peke yangu. Unakumbuka nafasi zilizobaki zilikuwa mbili. Baada ya mtihani ule wa kuingia orkestra Padre hakumpata mwingine wa kumridhisha, akaacha kiti cha pili wazi. Ukurasa ukiisha naacha kupiga, nafungua, kisha nawakimbiza wenzangu mpaka niwafikie. Siku za kwanza Padre alikuwa akinitazama, sasa amezoea.

Unaona ninavyozunguka. Umenijua tangu tukiwa darasa la pili, kwa hiyo umeshahisi kwamba nina neno ninalolikwepa. Nivumilie kidogo, nianzie mbali.

Kumbuka mwezi wa Mei, tulipokuwa tukijitayarisha nyuma ya nyumba yetu karibu na zizi la mbuzi. Ngazi ya sauti kwanza, halafu wimbo wa kanisa, halafu ile dansi ya Kizungu ya hatua tatu. Wewe ulikuwa unaisikia dansi ile, mimi nilikuwa naihesabu. Sikuwahi kukuambia, ila nilikuwa najua, na Padre alikuwa anajua. Baridi ilipoingia, hewa ikakauka, uzi wangu wa sauti ya La ukakatika. Nyuzi zilizoagizwa Ubelgiji zilikuwa bado njiani. Wewe ulikuwa na uzi mmoja tu wa akiba, ukanipa palepale, ukasema tutakaa kisimamio kimoja, basi uzi wako na wangu ni kitu kimoja. Wiki mbili hazikuisha, wa kwako nao ukakatika, na huu ulionipa ukaanza kuchambuka. Mtihani ulikuwa Jumamosi ya tarehe 19 Juni, na katika mji mzima hatukuweza kupata uzi mwingine.

Ndipo baba akasema tumwachie yeye. Sisi watoto wa Kamalondo tulimjua kama mchinjaji wa sokoni tu, lakini kwao Kasongo, alipokuwa kijana, alikuwa akipinda utumbo wa mbuzi kutengeneza nyuzi za zeze. Ulikuwepo siku ile, ukaziba pua. Aliuloweka utumbo kwenye maji ya majivu, akaukwangua kwa mgongo wa kisu, akaupinda polepole, akipima unene kwa vidole viwili huku amekishika kipande cha uzi wako uliokatika. Akapata nyuzi mbili kwa mbuzi yule mmoja, akazinyoosha kwenye ubao kati ya misumari. Alisema zikauke kivulini siku tatu; zikipigwa na jua zimeharibika.

Jumatatu aliniachia ubao ule akaenda sokoni. Aliniagiza mambo mawili. La kwanza, jua likizunguka nyumba, niusogeze ubao. La pili, zikikauka nikuletee zote mbili, uchague wewe kwanza. Unamjua baba. Wanapogawana mbuzi na wenzake sokoni, yeye aliyeshika kisu husubiri wengine wachukue mafungu yao, kisha huchukua lililobaki, hata kama ni shingo tupu. Mama humnung'unikia kwa ajili hiyo, lakini watu wote wa Kamalondo wanamwamini kwa ajili hiyohiyo.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa kuwa alama yake unayo chini ya jicho. Ulifunga uzi wako Jumatano, ukaupiga siku mbili bila shida. Jumamosi, ukumbini, ngazi ya sauti ulipanda ukashuka vizuri, kwenye wimbo wa kanisa yule madamu aliyepiga kinanda akafumba macho kukusikiliza, na katikati ya dansi uzi ukakatika, ukakuchapa usoni. Ulijaribu kuendelea na nyuzi tatu. Vijana wa parokia nyingine wakacheka. Mimi nilifuata baada yako, nikapiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Padre alikuambia ujaribu tena mwaka ujao, lakini baba yako akasema umeshajaribu vya kutosha, na wiki haikuisha ukawa njiani kwenda Lukafu kulima.

Usiyoyajua ni haya. Jumapili ile baba alibeba paja la mbuzi akaenda kwenu. Alimwambia mama yako kwamba kosa ni la mikono yake, kwamba huenda aliukwangua uzi ule kupita kiasi, na kwamba anaomba radhi. Mama yako hakulipokea paja. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, wakasema kwa sauti kwamba mchinjaji Mwislamu hawezi kumpindia mtoto wa misheni uzi mzuri kuliko wa mwanawe. Germaine alinisimulia kwamba wewe ulisimama mbele yao, kidonda bado kibichi shavuni, ukanitetea mimi, ukasema: "Sumaili hawezi. Ule muntu tunakula naye mu sahani moja."

Nilimsikiliza Germaine, nikaangalia chini, nikasema asante.

Tangu siku ile baba hakupinda uzi tena. Mwezi wa Julai Padre alikuja mwenyewe mpaka kwetu, akamwomba atengeneze nyuzi za orkestra nzima, maana ule wangu aliusifu sana. Baba alimjibu kwa heshima kwamba mikono yake imezeeka. Nilikuwa nimeketi hapohapo nikipaka ulimbo kwenye upinde. Baadaye nilimwona anavitazama vidole vyake, anavikunja na kuvikunjua, kama mtu anayejaribu viatu vya kuazima.

Sasa nisikilize, Floribert. Mikono ya baba haikukosea.

Jumatatu ile nilikuwa ndani nikifanya mazoezi ya dansi. Ule mstari wa tatu ulikuwa unanikatalia. Niliona mwanga umefika dirishani, nikajua jua limezunguka, nikasema nimalize mstari kwanza. Niliumaliza, nikaurudia, nikaurudia tena. Nilipotoka, nusu ya ubao ilikuwa juani. Uzi mmoja ulikuwa bado kivulini, wa pili ulikuwa umeungua. Niliukunja kidogo kwa vidole, ukalia, mlio mdogo tu, na katikati yake pakatokea mstari mweupe. Nikachukua mafuta nikaupaka, nikasugua mpaka ule mstari ukapotea.

Ningemwambia baba jioni ile, angenikaripia basi. Lakini utumbo wa mbuzi mwingine, kuuloweka na kuukausha, usingekuwa tayari kabla ya Jumamosi. Uzi mzima ulikuwa mmoja, na wa kuchagua kwanza ulikuwa wewe. Niliufunga uzi mzima kwenye fidla yangu kabla ya kuja kwenu, nikakuletea ule mwingine kwenye karatasi. Uliniuliza mbona umekuja mmoja. Nikakujibu kwamba baba mwenyewe amekuchagulia huo, ndio bora. Ulifurahi, ukasema Mungu amzidishie maisha Mzee Kasimu.

Nikisema niliogopa tu, nitakuwa nakudanganya mara ya pili. Nilijua kwamba ukipiga mbele yangu na uzi mzima, Padre atanisikia mimi kama mtu anayehesabu. Nilitaka siku moja nisikike kabla ya kulinganishwa na wewe. Sikutaka uzi ule ukatike, naapa. Nilitaka utoe sauti mbovu kidogo. Na nafasi zilikuwa mbili, ndugu yangu. Hakuna mtu aliyekuwa ananinyang'anya kitu. Hilo ndilo ninalolirudia kila nikifungua ukurasa peke yangu, na naona aibu hata mbele ya kile kiti kitupu.

Nilimwambia baba siku ya Idi, tarehe kumi mwezi huu. Alikuwa amechinja mbuzi wengi wa majirani, na mama akamuuliza kama hataweka utumbo kidogo kwa ajili ya nyuzi za watoto. Baba akaitazama mikono yake ndani ya beseni. Sikuweza tena. Nilimweleza yote pale mbele ya beseni, mama akisikia. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alisema polepole: "Miezi mbili miye niko naangalia hii mikono, nasema ndiyo yenye ilikosea mutoto ya bantu. Na weye uko naniangalia."

Kisha alinawa, akaingia ndani, akaitoa fidla yangu, akalegeza kigingi, akauvuta uzi wa La akautia motoni. Akarudi kwenye matumbo ya mbuzi, akachagua moja. Siku nne alikaa kando ya ubao yeye mwenyewe, akiusogeza na kivuli, nyama akamwachia mwenzake auze. Mimi hakuniruhusu hata kupita karibu.

Mama yako nimeshamwendea. Baba alisema nitangulie kwake kwa kuwa ndiye aliyetukanwa na majirani kwamba alimwamini mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama baba anajua. Nikasema anajua. Akarudi kwenye kazi zake, na mimi sikuthubutu kuketi. Lakini kesho yake alimtuma Germaine sokoni kununua nyama kwa baba, na baba alirudi nyumbani akiwa na uso wake wa zamani.

Padre naye nimemwambia. Nilimwomba niondoke kwenye orkestra. Akasema kuondoka kwangu hakutakurudisha wewe, na kwamba wa kuulizwa kwanza si yeye. Kiti chako amekiweka mpaka mwisho wa Septemba. Baba yako, kwa maneno ya Germaine, ameanza kusema mavuno yakiisha mjomba hatakuwa na kazi ya watu wawili.

Ndani ya karatasi anayokuletea Germaine kuna nyuzi mbili. Zimetoka kwa mbuzi mmoja, zimepindwa siku moja. Germaine amezipokea mkononi mwa baba, mimi sikuzigusa. Zikunje, zivute, zisikilize, chagua unaoupenda, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Utakaobaki umpe Germaine aurudishe, au uulete mwenyewe. Ukiziweka zote mbili nitakuwa nimepata jibu, na sitalalamika, wala sitamwomba baba anipindie mwingine.

Msalimie sana mjomba wako na wote wa nyumba yake. Mama anakutumia kopo la karanga za kukaanga, usiwaonyeshe wote. Mungu akulinde na akupe afya, na akulainishie moyo, ingawa hilo la mwisho sina haki ya kuliomba.

Mazoezini bado naenda kila Jumatano na Jumamosi, na fidla yenye nyuzi tatu. Kabla hatujaanza, Padre anabonyeza La kwenye kinanda ili tulinganishe nyuzi, wote kumi na sita wanaijibu, na mimi nashusha upinde, nasubiri wamalize.

Ni mimi niliyekukosea,
Sumaili, mwana wa Kasimu