Kiti Kimoja cha Mama Sifa

Jumatatu, 6 Oktoba. Mpofi.
Wanawake tisa leo. Kila mmoja asome herufi, asome sentensi nne, aandike jina lake na la kijiji. Mimi natia alama. Mvua imetukatiza mara mbili, bati likipiga kelele hadi sisikii mtu anasoma nini. Mgongo unauma. Siku mbili juu ya pikipiki kutoka Pinga, na sasa benchi la watoto wa shule.

Matokeo mazuri. Mazuri kuliko nilivyotarajia, na hilo linanikera. Mwezi wa saba nilipowapima mara ya kwanza walishika kalamu kama mwiko. Kazi hii ya kupima miradi ya watu imeniharibu. Nikiona kitu kizuri naanza kunusanusa.

Kesho waliobaki. Ripoti yangu ndiyo itasema kama darasa hili la akina mama linaendelea au linafungwa.

Jumanne, 7 Oktoba.
Mama Sifa namkumbuka. Mwezi wa saba aliharibu jina lake, akacheka, akalifuta kwa kiganja. Niliandika pembeni ya karatasi yake: anatumia mkono wa kushoto. Leo nimeita Mama Sifa. Amekuja mwanamke mfupi, mkimya, akaandika kwa mkono wa kulia. Mwandiko umenyooka. Nimemuuliza kama yeye ndiye Mama Sifa. Ameitikia, huku akitazama mlango.

Nimefungua daftari la mahudhurio. Mama Sifa hajakosa hata siku moja. Hakuna aliyekosa. Maharagwe yanataka kupaliliwa, njia ni matope, watoto wana homa, na hakuna aliyekosa. Nimewahi kuwa mwalimu. Najua daftari safi namna hii linatoka wapi.

Nimemuuliza Papa Bahati, mwalimu wao. Mtu mpole, anaongoza kwaya kanisani. Ameshusha macho, akasema akina mama wana bidii. Basi. Nimekasirika. Wametafuta wanaojua kusoma wakae kwenye benchi badala yao. Nimeliona hilo kwingine.

Jumatano, 8 Oktoba.
Sikutulia. Asubuhi nimepanda kilima cha nyuma ya kanisa, ndipo simu inapata rezo, yaani mtandao, ukisimama karibu na mkaratusi na kuinua mkono. Nimemwandikia mkubwa wangu Goma: daftari ni la uongo, wanaojibu mtihani si walioandikishwa, mwalimu anajua. Mistari mitatu. Nimetuma. Nimejisikia vizuri, kama mtu aliyemaliza kufagia nyumba.

Jibu limeingia kabla sijashuka. Neno langu ameshalipeleka kwa wafadhili. Darasa lisimame Ijumaa, kazi ya Papa Bahati imekwisha, mimi nimalize ripoti nirudi. Haraka hivyo! Barua zangu nyingine hukaa wiki tatu mezani kwake.

Papa Bahati nimemwambia mwenyewe. Ameitikia kwa kichwa, akaenda kufuta ubao.

Alhamisi, 9 Oktoba.
Nimeamka nikitaka kumpata Mama Sifa wa kweli. Niseme ukweli: nilitaka kumkamata. Nimeulizia njia, nimeteleza mara mbili, sketi nzima matope.

Shamba la maharagwe mteremkoni. Wanawake wawili wanapalilia. Mmoja jembe liko mkono wa kushoto. Wa pili ni yule mfupi wa Jumanne. Aliponiona amesimama kabisa, jembe juu. Anaitwa Mapendo.

Nilidhani watakimbia, au watabisha. Mama Sifa ameweka jembe chini, akapangusa mikono.

«Mama, ile jina iko yetu batatu. Leo mwenzetu Machozi njo alienda kusoma, sisi tunamulimia shamba yake. Kesho naenda mimi, bale banalima yangu. Mwenye alienda akirudi, anatufundisha hapa hapa, mu udongo.»

Na udongo ulikuwepo. Pembeni ya shamba, mahali palipolainishwa kwa mkono: ba, be, bi, bo, bu. Mvua ilikuwa imeanza kuzila herufi hizo.

Nimeuliza kwa nini hawakuandikisha majina yote matatu. Amenitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo imeniuma.

«Muliandika muntu akikosa mara tatu, jina inafutwa. Sasa nani ataacha maharagwe yake siku zote? Sisi hatukukosaka. Kile kiti hakikubakia bure hata siku moja.»

Kanuni ya mara tatu ni yangu. Mwaka jana, Goma, kikaoni, kikombe cha chai mkononi, nilisema itawafanya wawe makini. Wote waliitikia.

Mama yangu, kule kijijini Lushebere, alilima hivi maisha yake yote. Wanawake wanne, mashamba manne, zamu kwa zamu. Nimelelewa kwa maharagwe ya zamu hiyo. Na Jumanne nimekaa mbele ya Mapendo nikaona mwizi.

Nina aibu.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Siku ya mwisho ya darasa, kwa neno langu. Sikuingia darasani. Nimezunguka mashambani tangu asubuhi, nimewapima wote niliowapata, si kwa karatasi ya mtihani ambayo huenda wameizoea. Nilikuwa na tangazo la kanisa la Pinga mkobani. Hilo hawajawahi kuliona.

Mama Sifa, niliyemkuta akirudi kutoka darasani, amesoma lote, hata jina la padri. Mapendo polepole, kidole chini ya neno, bila kosa. Machozi amesoma neno moja tu, «machozi», kwa sababu ni jina lake. Nimempa tena, amesoma neno hilo hilo tu, kisha amekasirika na kuniambia niende kupima wengine. Kwenye vikundi vingine ni hivyo hivyo: mmoja anateleza kama maji, mmoja anajikokota, mmoja amebaki nyuma. Si muujiza. Lakini ni kazi kubwa kuliko ile iliyoandikwa daftarini, na kwenye fomu yangu hakuna pa kuiandika.

Mchana kilimani. Mvua, hakuna rezo. Nimeshuka. Nimepanda tena. Ujumbe mrefu umeondoka nikiwa nimelowa hadi mifupa. Nimeandika: nimekosea, msifunge.

Jumamosi, 11 Oktoba.
Hakuna jibu. Nimepanda mara nne. Mbwa wa katekista wamechoka kunibwekea.

Jumapili, 12 Oktoba.
Misa. Papa Bahati ameongoza kwaya kama kawaida. Nimekaa nyuma. Nimeondoka kabla ya matangazo, kilimani. Hakuna.

Jumatatu, 13 Oktoba.
Amejibu. Habari ya zamu inapendeza, anasema, niiweke kwenye kurasa za mwisho. Uamuzi umeshapita, wafadhili hawapendi kusikia leo hivi, kesho vile. Nimempigia. Sauti inakatika. Nimemwambia kosa ni langu, na kanuni ni yangu. Amesema hayo hasa ndiyo nisiyaandike, nifikirie kazi yangu.

Nimefikiria. Kisha nimeandika ripoti, ukurasa wa kwanza: kanuni imetoka kwangu, tuhuma imetoka kwangu, zote mbili ni mbaya. Machozi pia nimemweka, simfichi, la sivyo nitakuwa nimedanganya upande wa pili. Nimesaini. Nimepiga picha kila ukurasa, nimetuma kwake na kwa wafadhili pamoja. Sasa na mimi nangoja kufukuzwa.

Jioni nimeenda kwa Papa Bahati. Alikuwa anafunga mizigo, anahamia Pinga kwa dada yake. Nimemwomba msamaha. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza Jumanne. Amekaza kamba, akafikiri.

«Uliniuliza mara moja, Mama, na ulikuwa na hasira. Ungeniuliza mara ya pili, ningekuambia.»

Ni kweli. Sikuuliza mara ya pili.

Jumanne, 14 Oktoba.
Papa Bahati ameondoka na pikipiki ya saa moja. Pikipiki yangu ilikuwa iwe ya saa mbili. Nimeirudisha tupu.

Alhamisi, 16 Oktoba.
Kimya kutoka Goma. Leo sikupanda kilima.

Ubao haujachukuliwa na mtu. Mama Sifa ndiye anayefundisha, kanisani, Jumanne na Alhamisi. Machozi yuko benchi la mbele. Kwa hiyo mashamba matatu yamebaki na mikono ya Mapendo peke yake, na maharagwe hayasubiri. Nimemwomba jembe. Amenitazama viganja kwanza, kisha akanipa.

Nimepalilia mstari mmoja kutoka juu hadi kwenye mfereji. Nilidhani mikono haisahau. Imesahau. Malengelenge mawili, na miche mitano nimeikata pamoja na magugu. Nilipogeuka Mapendo alikuwa nyuma yangu, ameinama, anaupalilia upya ule mstari wangu wote, taratibu. Alipofika mwisho alinionyesha mstari unaofuata.