Vifaranga Nyuma ya Muhuri

Jumatatu, 10 Juni
Leo nimefunga milango mitatu kwa deni la kodi. Duka la simu, ghala la saruji, na ile nyumba ya kutotolea vifaranga hapa hapa mtaani kwetu Muhumba, ya pili kutoka kwangu. Zote za wageni wasiojibu barua zetu. Gundi, karatasi, muhuri. Miaka tisa ofisi ya kodi, mkono umeshazoea. Papa Cirhuza, mzee anayetunza mashine za kutotolea mayai, aliomba abaki ndani. Nilikataa.

Jumatano, 12 Juni
Papa Cirhuza kaja ofisini. Mayai yanapasuka kesho, anasema. Mwenye kampuni yuko ng'ambo, hapokei simu. Nilimpeleka kwa shefu, mkuu wetu wa ofisi. Shefu hakuinua hata kichwa: kampuni ya kigeni hufunguliwa kwa ruhusa ya makao makuu Kinshasa, sisi kazi yetu kufunga. Nimewaandikia Kinshasa. Nimetuma mara mbili.

Alhamisi, 13 Juni
Vifaranga wametoka. Nawasikia nikianika nguo uani. Umeme unaokatika kila siku ya Mungu, wiki hii umetulia. Ungekatika Jumatatu, mayai yangeharibika kimya kimya. Naona aibu kuandika hivi.

Ijumaa, 14 Juni
Kinshasa, kimya.

Jumamosi, 15 Juni
Kifaranga bila chakula huishi siku mbili, tatu. Papa Cirhuza ameketi mlangoni na mfuko wa pumba. Nilipofika alisimama.
"Madame, ile iko karatasi tu. Batoto ba kuku habajue impôt, hiyo kodi yenu. Fungula tu mulango."
Nilishaweka kucha kwenye ukingo wa karatasi. Kubandua muhuri wa serikali bila ruhusa ni kufukuzwa, na jela juu yake. Nina watoto wanne, mume hana kazi. Nikashusha mkono, nikamwambia asubiri ruhusa Jumatatu. Mwoga mkubwa mimi. Namchukia shefu, naichukia Kinshasa, namchukia yule bwana wa ng'ambo anayelala vizuri. Ila mkono ulioshuka ni wangu.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda misa, njia inapita pale. Mchana mlio umepungua. Nimefunga dirisha.

Jumanne, 18 Juni
Ruhusa imefika. Nimebandua karatasi kwa kisu, taratibu, isichanike, ndivyo tulivyofundishwa. Papa Cirhuza alitangulia kuingia. Kwenye ripoti niliandika: vifaranga wote wamekufa kwa njaa, tuliwafungia. Shefu akakata, akaandika: bidhaa imeharibika. Nikatia sahihi.
Nilipotoka kazini na kupita pale, Papa Cirhuza alikuwa bado anawatoa kwa beleshi. Hakuniomba msaada.