Mwandiko wa Anjelina

Magamba, Lushoto

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku hatujambo, ni baridi tu; babu yako habanduki jikoni. Umeuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu na simu ninayo.

Nikiwa darasa la saba nilipata rafiki wa kalamu, Anjelina wa Kigoma. Mwandiko wake ulinyooka kama matuta ya kabichi, nikaamini ni mtu mzima. Kila barua nilianza na shikamoo, naye akaitikia marahaba, miaka mitatu. Siku alipokuja kunitembelea, aliyeshuka kwenye basi alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Akapiga goti.

“Shikamoo dada. Niliogopa ukijua mimi ni mdogo utaacha kuniandikia.”

Nilicheka mpaka machozi. Tumeandikiana hadi uzee huu. Barua yake ya juzi inasema ni mzima kabisa, lakini zile herufi zilizonyooka sasa zinatetemeka. Kwenye simu nisingeliona hilo. Kesho napanda basi kwenda Kigoma.

Nawe unijibu kwa mkono wako, nipate kukuona.

Bibi yako