Mtoto wa Jumapili

Bantama, Kumasi
20 Januari

Mpendwa mdogo wangu Ntiamoah,

Pokea salamu za nyumba nzima. Baridi ya Rotterdam imepungua? Na kifua chako je? Sisi hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua na upepo wa vumbi umetukausha midomo.

Unasema wakunga wa huko huenda majumbani hata Jumapili, na idadi ya watoto kwa kila siku haipishani sana. Hapa si hivyo. Desemba, daftari la wodi yangu lilikuwa na watoto hamsini na wawili wa Jumatatu, na kumi na mmoja tu wa Jumapili. Upasuaji hupangwa siku za kazi. Wenzangu hutania, "Kina Kwasi wa Jumapili wataisha mjini, tutabaki na kina Kwadwo wa Jumatatu watupu." Nami nilikuwa nacheka.

Umeniuliza kwa nini mkeo hapokei simu zako. Kosa ni langu.

Birago alikuwa amepangiwa upasuaji Jumatatu. Jumamosi alinifuata wodini akaniambia, "Wifi, mtoto ametulia mno. Juzi alikuwa hanipi raha."

Nikamjibu, "Mimba ya kwanza ina wasiwasi. Daktari ni Jumatatu. Leo utampata nani hapa?"

Sikumpima. Miaka kumi na minane ya ukunga, ndugu yangu, na sikumpima. Jumapili asubuhi uchungu ukamshika, mtoto akazaliwa mikononi mwangu, hana nguvu. Tulimpigia daktari, akachelewa. Mchana mtoto akafariki.

Tukakwambia alizaliwa Jumatatu, akafia kwa daktari. Niliogopa ungeuliza Jumamosi nilikuwa wapi. Mama akanifichia siri, Birago akaambiwa anyamaze.

Mama alimvisha Birago nguo nyeupe na kumpikia mchuzi wa karanga, kama tufanyavyo mtoto asipofikisha siku nane, ili mzazi asilie. Hakugusa hata kijiko. Kisha ukapiga simu, ukamlilia Kwadwo wako. Alikata simu, akaniambia, "Anamlilia mtoto wa watu. Wangu hajaliliwa na baba yake."

Nina aibu. Sikuombi unisamehe kwa barua hii.

Mama na shangazi Pokuaa wanakusalimu. Wasalimie Agyeiwaa na mumewe. Mungu akushike mkono huko uliko.

Ukimaliza kusoma, mtumie Birago ujumbe kwanza, ili ajue unajua. Kisha mpigie, mumlilie Kwasi pamoja.

Dada yako akupendaye,
Serwaa