Paa Moja na Mkwe, Kando ya Talihya

Jumatatu, 7 Agosti 2023

Nimefika. Kiuno kinauma, viatu vimejaa vumbi, lakini nimefika. Kutoka Beni hadi Butembo kwa teksi, watu wanne kwenye kiti cha nyuma pamoja na kuku mmoja. Kutoka Butembo hadi hapa kwa pikipiki, kofia mkono mmoja na rozari mkono wa pili. Dereva aliniuliza kwa nini simshiki yeye. Nilimwambia atazame barabara.

Solange, binti yangu, alikuwa amenitangulia. Alisimama mlangoni kama mwenye hoteli. Nyumba ni ndogo, ya matofali, paa la bati jekundu. Sebule katikati, chumba upande huu na chumba upande ule, jiko nje chini ya migomba. Mwenye nyumba ni mfanyabiashara wa Butembo. Yeye huja mara chache, siku nyingine huwaazima marafiki. Mbele ya nyumba kuna majani, na baada ya majani mto Talihya. Basi! Hakuna redio, hakuna soko. Wiki nzima ya kupumzika. Nimefundisha, nimelea, nimezika mume, lakini wiki nzima ya kupumzika sijawahi kuiona. Sijui mtu huanzia wapi.

Mama Jokébed, anayetunza nyumba, aliniuliza nimekuja kulima nini. Nilimwambia silimi, nimekuja kutembea na kuvua samaki. Alicheka hadi akashika nguzo.

"Eh, Mama Virginie! Batu ya mji banatoka mbali juu ya kuangalia mayi! Kule Beni mayi haiko?"

Maji yapo, nilimjibu. Utulivu ndio haupo.

Jumanne, 8 Agosti

Asubuhi nzuri kupita kiasi. Ukungu juu ya maji, harufu ya mikaratusi. Nimetembea kando ya mto hadi kwenye daraja la magogo na kurudi. Bustani za kabeji na vitunguu, na ng'ombe wanaomtazama mtu kama wakaguzi wa shule. Kila niliyekutana naye alinisalimu, na kila mmoja aliuliza naenda wapi. "Natembea tu." Hawakuridhika. Mwanamke mmoja aliweka jembe chini akanifuata kidogo, aone mwisho wake.

Baada ya chakula nilivua. Mwanzi, mshipi, ndoano, na kipande cha kandambili kuukuu badala ya chelezo. Nilikulia Kyavinyonge, kando ya ziwa. Baba alikuwa mvuvi, na mkono haujasahau. Tilapia wawili! Bila shaka wametoroka katika mabwawa ya watu. Kosa lao.

Alasiri, sauti ya pikipiki. Mkwe! Mume wa Solange mwenyewe, ambaye niliambiwa yuko Butembo, dukani, na mabati yake na misumari yake. Begi mgongoni, na mkononi fimbo ya kuvulia inayong'aa, ya kutoka Kampala, yenye gurudumu la kukunjia mshipi. Mimi niko uani, samaki mkononi, kilemba kimelegea. Nilikimbia. Mwanamke wa miaka sabini na mmoja, niliingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku.

Kwetu mama hakai na mkwe wake. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani kwa jina, hawalali chini ya paa moja. Hivyo ndivyo mama yangu alivyoishi na waume wa dada zangu, na hivyo ndivyo nami nilivyoishi na huyu tangu alipomwoa Solange. Namheshimu sana. Hatujawahi kuzungumza.

Yeye pia ana malezi, lazima niseme. Alisimama nyuma ya migomba, uso ameuelekeza mlimani, akanisalimu kwa kinywa cha Solange. Atalala jikoni.

Solange anasema hakujua kwamba mumewe atakuja. Alipokuwa akisema alijikuna sikio. Amejikuna sikio hilo tangu utoto, kila anapodanganya.

Jumatano, 9 Agosti

Nimejua!

Nilikuwa nikifua soksi nyuma ya jiko. Solange na mumewe walikuwa ndani, wakidhani nimekwenda kutembea. Solange alisema: "Papa Mariette, uvumilie tu. Akimaliza wiki moja pamoja na sisi, hatakuwa tena na neno ya kusema." Mariette ni mjukuu wangu, yuko kwa shangazi yake wiki hii, nilidhani ni kwa ajili ya utulivu wangu. Mkwe alijibu kwamba anaona haya, kwamba mama ni mutu mukubwa, hapana muzuri kumutega kama panya. Solange akasema: "Panya ingekuwa imeisha kukubali."

Basi ni hivi. Tangu mwezi wa tano, usiku ule wa risasi karibu na mtaa wetu, wananiomba nihame Beni nikaishi kwao Vulamba, kule Butembo. Kuna chumba. Kuna kitanda. Kila mara jibu langu ni moja: mama halali chini ya paa la mkwe. Jibu zuri, halina mlango wala dirisha. Kumbe wamenileta hapa ili walibomoe! Nimetunga mitihani maisha yangu yote, leo napewa mtihani bila kuambiwa.

Nitaufanya. Nitashika kila desturi, kubwa na ndogo, hadi Jumapili. Kisha nitarudi Beni, kwenye nyumba yangu, mlango wangu, majirani wangu wa kugombana nao. Sitaki kuwa mgeni wa kudumu kwa mtu yeyote, ninayeulizwa kila asubuhi kama nimelala vizuri.

Mchana. Nilivua upande huu wa mto. Mkwe alivuka daraja akaenda upande ule. Ndivyo inavyopasa. Lakini anavua vibaya! Anarusha kama mtu anayefukuza mbuzi, anakunja haraka, anarusha tena. Alinasa kichaka. Alinasa kofia yake mwenyewe. Nilivumilia kadiri mwalimu awezavyo kuvumilia. Mwishowe niliuambia mto, kwa sauti:

"Mto, kuna mtu anakupiga bila kosa. Samaki hafukuzwi. Anangojewa."

Naye, kutoka ng'ambo, uso mlimani:

"Mto, wasingya, asante. Uulizie mama, mi ningojee mpaka wakati gani?"

"Mto, mwambie angoje baada ya kuweka chambo. Naona chuma kitupu."

Aliitazama ndoano. Kweli tupu! Alicheka — kicheko kikubwa, cha wazi, ambacho sikukijua. Miaka yote hii sikukijua. Solange alikuwa amelala majanini, ameshika tumbo. "Mais, jamani, nyinyi babili! Leo Talihya iko na kazi!"

Mto si mtu. Hakuna desturi iliyovunjwa.

Jioni alipata samaki mmoja, wa urefu wa kidole. Aliuonyesha mto. Mto ulimpongeza.

Alhamisi, 10 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kutembea, hakuna kuvua. Paa la jiko linavuja pote. Muuza mabati mzima analala chini ya paa linalovuja! Nilimwona kupitia ufa wa dirisha: amejikunyata juu ya kinu, mwavuli mkono mmoja, kiazi cha kuchemsha mkono wa pili. Anakohoa.

Mama Jokébed alikuja na gunia kichwani. "Mama Virginie, mukwe wako atageuka samaki mule ndani. Utamuvua na nini?"

Nilimwambia Solange amwingize sebuleni. Desturi haikuwekwa ili watu wafe kwa kichomi. Mimi ninabaki chumbani, mlango umefungwa. Chakula nimeletewa hapa. Solange alipochukua sahani alikuwa akiimba puani. Wimbo wa Pasaka! Mwezi wa nane!

Ijumaa, 11 Agosti, asubuhi

Nimeamka jua likiwa limepanda. Kule Beni, tangu mwezi wa tano, viatu vyangu vinakaa kando ya kitanda, na sikio moja linakaa mlangoni. Hapa mtu alikoroma nyuma ya ukuta kama lori linalopanda mlima wa Lubero, nami sikusikiliza kitu kingine chochote. Nililala.

Ni hewa ya milimani.

Ijumaa, jioni

Niandike kwa utaratibu.

Mvua imeisha. Mto umejaa, rangi ya chai yenye maziwa. Maji ya namna hiyo ndiyo ya kambare; hilo kila mtoto wa Kyavinyonge analijua. Niliweka minyoo mitatu kwenye ndoano moja, nikasimama penye kona, chini ya mizizi. Mkwe ng'ambo, mahali pake. Wavu wa mkono ulikuwa kwake, kwa kuwa ndiye mwenye suruali ya kulowesha. Solange alikuwa juu, nyumbani, na Mama Jokébed, wakimenya maharagwe.

Kandambili ilizama. Haikucheza, haikuyumba — ilizama moja kwa moja. Nilivuta, na kitu kikanivuta mimi. Mwanzi ulipinda hadi ncha ikaingia majini. Mguu wa kushoto uliteleza, kiatu kikaenda na mto. Nilimwona mara moja tu: kichwa kipana kama sahani, ndevu, tumbo jeupe. Maisha yangu yote sikuwahi kushika wa namna hiyo! Baba alimshika mmoja, na watu walimzungumzia hadi alipozikwa.

Nilianza: "Mto, mwambie—"

Mshipi ulilia. Mto wenyewe ulikuwa upande wa samaki.

"Edmond!" nikapaza sauti. "Edmond! Wavu! Upesi, mwanangu, upesi!"

Alisimama kama mti. Hakumtazama samaki. Alinitazama mimi, usoni. Halafu akaruka, na viatu, na simu mfukoni, maji kifuani, wavu juu ya kichwa. Alifika kwangu, akaushika mwanzi. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu. "Mama, usiachilie!" "Siachilii! Wavu chini! Chini ya kichwa, si mkia!" "Hivi?" "Hivyo! Inua!" Tulianguka matopeni sisi sote, samaki katikati, akitupiga makofi bila kubagua.

Tulicheka. Sijui ni nani aliyeanza. Kisha tukakumbuka sisi ni nani. Nilitazama mlima. Yeye alitazama kiatu changu kilichobaki.

"Mama," alisema polepole, na hakusema na mto, "kumbe unajua jina yangu."

Nilimjibu kwamba niliandika jina hilo kwenye kadi za harusi, zote, kwa mkono wangu.

Mama Jokébed alikuwa ameona mambo yote kutoka juu, na alishuka akipiga vigelegele. "Mama mukwe ameita mukwe na jina! Ameshika mukono yake! Kwetu faini ya ile ni mbuzi, Mama Virginie! Mbuzi mukubwa!" Edmond aliuliza nani amulipe nani. Walibishana njia nzima. Mama Jokébed aliamua kwamba, kwa kuwa haijulikani, mbuzi aletwe kwake.

Nimeoga. Nimebadilisha nguo. Nimeingia chumbani, nimefunga mlango, na sasa naandika. Nilidhani Solange ataniletea sahani yangu hapa, kama jana.

Hakuleta.

Nasikia vyombo. Ameweka sahani mezani. Nimezihesabu kwa sauti zake. Tatu. Samaki ananukia kitunguu, nyanya na pilipili kidogo. Amempika vizuri, naweza kujua kutoka hapa.

Amegonga. "Mama, bugali inapoa."

Nilimwambia waanze.

Wananong'ona. Halafu Edmond mwenyewe, karibu na mlango: "Mama, mi siwezi kula samaki yako na wewe hauko."

Nilimjibu kwamba anaweza; afumbe macho tu, afungue kinywa. Solange alicheka. Yeye hakucheka.

"Donc, basi, kichwa," alisema. "Kichwa tumuwekee nani?"

Hilo nilijibu bila kufikiri, kwa sababu jibu lake linajulikana na kila mtu: "Kichwa ni cha mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hii iko Butembo," alisema. "Ile ya Vulamba, mama, ni weye tunangojea."

Nimetafuta jibu langu la zamani, lile lisilo na mlango wala dirisha. Nimeshalala chini ya paa moja naye, usiku mmoja. Nimemtazama usoni. Nimemwita kwa jina, na tena mbele ya Jokébed, ambaye kesho atakuwa amewaambia hadi ng'ombe. Imebaki meza tu.

Na kama nikienda Vulamba, nani atagombana na majirani zangu? Nani atafungua dirisha langu asubuhi? Sitaki kuulizwa nimelala vizuri. Ingawa kuulizwa si kifo.

Kiti kimeburutwa. Mtu amekisogeza karibu na mlango, upande wangu wa meza. Hawali. Nasikia kwamba hawali. Samaki mzuri kiasi kile, anapoa!

Nimefunga kilemba cha Misa. Kitasa cha mlango huu ni kigumu, kinataka mikono miwili. Kalamu naiweka chini.