Nilikwambia Imeisha Chaji

Amoit,

Mama yako ametoka dukani sasa hivi. Nimemsindikiza hadi kwa bodaboda, nikarudi, nikakalia stuli yako kwa sababu yangu ilivunjika. Kuna mashine mbili za kutengeneza na siwezi kuzigusa. Si kwamba naogopa. Nimechoka. Nimeona afadhali nikuandikie kwanza.

Malaba iko vile uliiacha. Malori yako kwenye foleni, madereva wanakuja na redio na chaja zao, wakiniona peke yangu wanauliza, "Na yule dada mwingine?" Mwanzoni nilikuwa nawaeleza. Siku hizi nasema umesafiri. Nisamehe, kueleza kunachosha.

Ulikufa asubuhi, kwenu Chakol, ukifunga viatu uje kazini. Daktari alisema ni moyo, ulikuwa na kasoro tangu utotoni na hakuna aliyejua. Lakini matangani watu walikuwa na maneno yao. Walisema stima ndiyo ilikumaliza, kwamba mwanamke akishika waya miaka tisa, stima inamwingia kidogo kidogo hadi inajaa. Mama yako hakuwakanya. Nilipoenda kumpa pole alinitazama muda mrefu, kama mtu anayengoja neno. Mimi nikasema "pole mama" nikaondoka haraka, maana neno lenyewe nilikuwa nalo.

Unalijua. Ile amplifaya ya kanisa, miezi miwili kabla hujafa. Uliniuliza, "Umemaliza chaji?" Nikasema imeisha. Nilikuwa nimegusisha bisibisi kwenye kapasita inayohifadhi chaji mara moja tu, mbio mbio, sikusikia mlio, nikaona basi hakuna kitu. Sikupima. Ukatia mkono. Ulirudi nyuma ukagonga ukuta, ukakaa chini umeshika vidole, midomo imepauka. Wewe ulipigwa, mimi ndiye nikalia. Ukaniambia, "Wacha, Nafula. Niko sawa. Kesho tutaanza upya."

Na kweli kesho yake ulikuja na balbu ya zamani kwenye kishikio chake, waya mbili, vibanio viwili, ukaniketisha kama mwanafunzi, mimi niliyekuzidi miaka miwili. Ulisema kuchomoa plagi ni mwanzo tu, kapasita inabaki imeshika moto wake hata mashine ikiwa baridi. Ulisema bisibisi inaruka cheche, inaunguza, na ikikosa kugusa vizuri inakudanganya. Balbu inakunywa ule moto polepole ukiona. Lakini hata balbu ikizima kuna unaobaki, mdogo wa kutowasha taa, na huo nao unauma. Kwa hivyo mita. "Kama haijasoma sifuri, hujamaliza." Na wakati wote huo mkono mmoja tu kazini, ule mwingine mfukoni, ili stima isipate njia ya kupita kifuani.

Ulinifundisha yote hayo na hukunigombeza hata kidogo. Ningependa ungenigombeza.

Sasa nikueleze ya stuli.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika, alikuja Makokha, yule mchomeleaji wa Busibwabo, na mashine yake ya kuchomelea. "Boss, hii imekufa tangu jana," akasema. "Haina kitu ndani." Nikafungua kifuniko. Balbu yako ilikuwa imening'inia kwenye msumari mbele yangu. Niliiona, Amoit. Sitaki kukwambia nilisahau, maana tukidanganyana hata sasa haina maana. Niliiona, nikaona ni mbali, na msumari wenyewe ninaufikia nikiwa nimekaa. Sikutaka kufa. Nilikuwa nimechoka kujichunga, basi. Nikatia mkono.

Kumbe Makokha alikuwa ameijaribu asubuhi hiyo hiyo kwa jirani kabla ya kuja. Ilinirusha. Nilianguka na stuli, mguu wake ukavunjika, vidole viwili vya mkono wa kulia vikaungua. Wa kushoto ulikuwa kwenye mfuko wa aproni. Sikuuweka kwa akili, uliingia wenyewe, vile ulivyouzoesha. Makokha akapiga mayowe. Mama Auma muuza nyanya akaja mbio na jagi la maji animwagie, Makokha akamzuia na mikono yote miwili: "Maji hapana, mama! Ni stima! Unataka kummaliza?" Nilikuwa chini pale nikiwasikia wakigombana juu yangu, na nilitaka kucheka, na sikuweza kuvuta pumzi.

Kliniki walinipima moyo, wakanifunga vidole. Nikamuuliza daktari swali ambalo sikuwahi kumuuliza mtu. Nikamweleza kuhusu rafiki aliyepigwa na stima, akainuka, akafanya kazi miezi miwili, halafu moyo ukasimama. Je, ni ile stima? Akaniuliza maswali mengi. Akasema moyo wenye kasoro kama ile hauhitaji kusukumwa na kitu. Nilimwelewa. Lakini nilifunga duka, nikakaa nyumbani wiki mbili bila kufanya lolote.

Leo asubuhi mama yako amebisha hodi kwangu. Peke yake, na kikapu. Hata hakukaa.

"Nimesikia na wewe imekupiga."

"Ndio, mama."

"Fungua duka. Nionyeshe vile mtoto wangu alikuwa anafanya."

Nimefungua. Mashine ya Makokha ilikuwa bado juu ya meza. Nimeichomeka kidogo ijae chaji, tukiwa tumesimama mbali, nikaizima, nikachomoa plagi, nikamwonyesha plagi mkononi. Mkono mmoja mfukoni. Nikabana waya wa kwanza, nikabana wa pili. Balbu ikawaka, na mama yako akashtuka: mashine haijachomekwa popote na taa inawaka! Ikafifia, ikazima. Akashusha pumzi, akaokota kikapu.

"Bado, mama," nikamwambia.

Nikaweka mita. Hakuwa na miwani yake, kwa hivyo nikamsomea namba zikishuka. Kumi na mbili. Saba. Tatu. Moja. Sifuri.

"Alikuwa anafanya hivi kila siku?"

"Kila mashine."

"Hata akiwa na haraka?"

"Amoit hakuwa na haraka, mama. Mwenye haraka ni mimi."

Na hapo nikamwambia. Amplifaya, bisibisi, uwongo wangu, ukuta. Nilimwambia nikiangalia mita, si uso wake. Nilipomaliza aliweka kikapu chini tena.

"Aliniambia," akasema. "Siku hiyo hiyo alirudi nyumbani akaniambia. Alisema wewe ndiye ulilia."

Nikazima mita.

"Daktari amenieleza mambo ya moyo. Hakufa na hiyo, najua. Lakini kwa mazishi nilingoja uje useme mwenyewe. Ulisema pole ukaenda." Kisha akaniangalia vidole. "Na siku hiyo yako, mbona hukufanya hivi umenionyesha?"

"Nilikuwa nimechoka, mama."

"Mimi pia nimechoka," akasema. "Na naamka."

Akatoa njugu kwenye kikapu, zile za shamba lenu, za kuchemsha. Tumekula, maganda tukiyatupa kwenye kile kikopo cha skrubu mbovu. Ameondoka na mita yako ya zamani, ile isiyosoma vizuri. Nilimwambia imeharibika. Akasema anajua.

Jumapili nitakuja Chakol, ameniita. Baada ya kanisa, watu wenu wakiwa bado wamesimama nje, nitasema mbele yao kwamba si stima iliyokumaliza, na nitasema vile ulifanya kazi, na nitasema yangu pia. Sijui nitaanzaje. Nakuahidi nitasema, hata kama sauti itakatika.

Na hizi mashine mbili nitazianza kesho, moja moja, bila mbio.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Uliyoweza kunifanyia uliyafanya yote. Mimi bado nitachoka, tena sana, lakini nitachoka nikiwa hai.

Wako,
Nafula