Duara la Jua Siku Aliyozaliwa Mama Yako

Neema mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifikia kwenye simu. Marahaba, wewe na kichanga chako. Sisi huku Kinampanda tupo. Babu yako anakohoa kidogo, ila alizeti zimechanua vizuri.

Unauliza kama mtoto aliyezaliwa siku jua lilipozungukwa na duara ana mkosi, kama wanavyosema majirani zako huko Mwanza. Mwalimu wa hapa ameniambia ni punje za barafu, ziko kwenye mawingu mepesi ya juu sana. Mwanga wa jua ukipita humo unapinda, ndipo tunaona duara.

Mimi sikulijua hilo nilipomzaa mama yako. Duara lilitokea siku hiyohiyo. Wanawake walioniletea uji wa mtama waliviacha vibuyu nje ya ua wakaondoka. Walisema duara limesimama juu ya nyumba yetu, mtoto hatayaona mavuno. Nililia mpaka uji ukapoa.

Jioni shangazi yangu akafika kwa miguu kutoka Kiomboi. Aliposikia, akacheka. "Kule nako kila mtu anasema liko juu ya paa lake. Na mimi limenifuata njia nzima." Akapasha uji, akawaita walewale wanawake waje kunywa. Wakaja, wanaona haya.

Kwa hiyo usigombane na majirani zako. Wameogopa tu. Wakaribishe chai.

Na huyo anayekukabidhi barua hii, aliyepanda basi aje kukuogeshea mtoto, zitazame mvi zake. Ndiye waliyesema hatayaona mavuno.

Bibi yako